Programu Huria Si Kinga ya Bajeti

Imani kwamba programu huria, yaani programu ambayo kila mtu anaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza msimbo wake chanzo, huiondolea taasisi gharama ni imani potofu, na hudhuru zaidi pale kompyuta inapokabidhiwa kazi za marudio, kama kuhamisha takwimu kila usiku kutoka hifadhidata moja hadi nyingine au kutuma ankara kila mwisho wa mwezi. Programu hupakuliwa, husakinishwa, kisha bajeti hufungwa kana kwamba kazi imekwisha.

Apache Airflow, programu ya kupanga na kuendesha mifuatano ya kazi za aina hiyo, ni ushahidi wa kutosha. Ilianzishwa mwaka 2014 katika kampuni ya Airbnb na mhandisi Maxime Beauchemin, ikapokewa na shirika la programu huria la Apache Software Foundation mwaka 2016, na haijawahi kutoza ada ya leseni. Hata hivyo, toleo la 2.0 lilipotoka Desemba 2020, toleo la 1.10 lilibakiziwa takriban miezi sita tu ya kupata masahihisho, hivyo kila aliyelitegemea alihitaji fundi wa kuzikagua upya ratiba zake, kuzirekebisha na kuzijaribu. Mwaka 2021 watafiti wa kampuni ya usalama ya Intezer walikuta mitambo ya Airflow iliyoachwa wazi kwenye intaneti, hasa yenye matoleo ya zamani, ikifichua nywila na funguo za huduma mbalimbali, zikiwemo za malipo. Hatari hiyo ni kubwa kuliko ya programu ya kawaida, kwa kuwa programu inayounganisha mifumo kumi hulazimika kutunza funguo za yote kumi.

Watetezi wa imani hii hujibu kwamba jumuiya ya watengenezaji duniani kote itaziba kasoro. Ni kweli huziba, tena mara nyingi kwa haraka ya kustahili sifa. Lakini jumuiya husahihisha msimbo, haiingii katika seva ya ofisi fulani kuusakinisha.

Wala kutolipa si uhuru. Programu ya n8n, nayo ya kuendesha kazi za marudio, iliyoanzia Berlin mwaka 2019, hutumika bila malipo kwa shughuli za ndani za taasisi, ilhali leseni yake, inayozuia kuiuza kama huduma kwa wengine, haikidhi masharti ya programu huria yaliyowekwa na shirika la Open Source Initiative.

Thamani ya programu huria ni mamlaka: kukagua jinsi kazi za taasisi zinavyotendeka, kurekebisha kinachoharibika bila kuomba idhini ya muuzaji, na kuendelea hata kampuni iliyoitengeneza ikifungwa. Mamlaka hayo hayana maana mahali ambapo hakuna anayeweza kuusoma msimbo. Kwa hiyo wakuu wa idara na watenge kwanza mshahara wa fundi na fedha za kumfundisha, ndipo wapakue. Wasioweza, ni heri wanunue huduma yenye mtu wa kuwajibika.