SHUJAA ALIYEUZA FARASI ILI ADAI HAKI YAKE

Walio wengi wakisikia habari za samurai, yaani askari waungwana wa Japani ya zamani, humfikiria mtu mwenye mkono kwenye upanga siku zote, asiyeogopa kifo wala asiyeomba kitu kwa bwana wake. Sifa hizo zilienea ulimwenguni hasa baada ya mwaka 1900, wakati mwalimu wa Kijapani aitwaye Nitobe Inazo alipotoa kitabu kwa Kiingereza juu ya mwenendo wa askari hao. Lakini Nitobe aliandika wakati ambapo samurai walikuwa wamekwisha kuondolewa. Wale waliopigana hasa, miaka mia sita na zaidi kabla yake, waliacha hati zao wenyewe, na hati hizo zaonyesha watu wa namna nyingine. Walikuwa mashujaa kweli kweli, lakini pia walikuwa watu wa kuhesabu, wa kutafuta mashahidi, na wa kujua kwamba mtumishi naye ana haki yake.

Mmoja wao ni Takezaki Suenaga, mwenyeji wa jimbo la Higo katika kisiwa cha Kyushu, upande wa kusini magharibi mwa Japani. Hakuwa mtu mkubwa. Alizaliwa mwaka 1246, akashindwa katika madai ya ardhi, akabaki bila shamba la kumtosha. Ingawa alikuwa mnyonge hivyo, jina lake lajulikana leo kuliko majina ya mabwana wengi waliokuwa juu yake.

Ili kufahamu habari zake, yafaa kujua kwanza jinsi nchi ilivyotawaliwa. Mfalme wa Japani alikaa katika mji wa Kyoto, naye aliheshimiwa kama mtu wa uzao wa miungu. Lakini tangu mwaka 1185, ukoo wa Minamoto ulipoushinda ukoo wa Taira katika vita vya baharini, nguvu za silaha zilikuwa Kamakura, mji wa mashariki. Mwaka 1192 mkuu wa Minamoto, Yoritomo, alipewa cheo cha shogun, yaani Jemadari Mkuu. Uzao wake ulipokatika, ukoo wa Hojo ulishika madaraka kama mawakili wa Jemadari.

Askari walioandikishwa chini ya Kamakura waliitwa gokenin, maana yake watu wa nyumba ya Jemadari. Kati yao na bwana wao palikuwa na mapatano ambayo kila mmoja aliyajua: bwana hutoa fadhila, na mtu hutoa utumishi. Fadhila yenyewe ilikuwa ardhi. Askari aliyefanya vizuri alifanywa jito, yaani mwangalizi wa milki fulani. Alikusanya kodi ya mazao, akalinda amani, akajikatia sehemu yake, na cheo hicho aliweza kuwarithisha wanawe, wa kiume na wa kike pia. Mwaka 1232 wakili Hojo Yasutoki alitoa sheria yenye vifungu 51, ili mashauri ya watu hao yaamuliwe kwa kanuni moja, awe mdai ni mwenye nguvu au ni mnyonge.

Yafaa kukumbuka pia kwamba silaha yao kuu wakati huo ilikuwa upinde. Kazi yao waliiita njia ya upinde na farasi, na mtu alisifiwa kwa kupiga mshale barabara huku farasi akienda mbio. Upanga ulitumika watu walipokaribiana, na pia katika kukata kichwa cha adui, kwa kuwa kichwa kilikuwa ushahidi. Baada ya vita vichwa vililetwa mbele ya mkuu, vikakaguliwa na kuandikwa. Mtu aliyejeruhiwa aliandikwa, na farasi aliyeuawa aliandikwa. Aliyetangulia mbele ya wenzake kuingia vitani alihesabiwa kuwa na sifa kubwa, lakini ilimpasa awe na shahidi aliyemwona.

Basi mwaka 1268 barua ilifika Japani kutoka kwa Kublai Khan, mtawala wa Wamongoli, aliyekuwa amekwisha kuitiisha Korea na sehemu kubwa ya China. Aliwataka Wajapani wafanye urafiki naye, na mwishoni akadokeza kwamba hakuna apendaye kutumia silaha. Wakili mpya huko Kamakura, Hojo Tokimune, alikuwa kijana wa miaka kumi na minane hivi. Hakujibu. Mwezi wa Novemba mwaka 1274 merikebu za Kublai zikaja, zikaviteka visiwa vya Tsushima na Iki, kisha zikashusha askari katika Ghuba ya Hakata, huko Kyushu.

Wajapani walikutana na vita wasivyovizoea. Wageni walipigana kwa vikundi vilivyoongozwa kwa ngoma na mikoma, wakapiga mishale mingi kwa pamoja, wakatupa na makombora yenye baruti yaliyowatia farasi wazimu. Makombora ya namna hiyo, yaliyofinyangwa kwa udongo, yamepatikana chini ya bahari karibu na kisiwa cha Takashima.

Jemadari wa Wajapani mahali pale alitaka watu wake wangoje wakusanyike. Suenaga hakungoja. Alikuwa na watu watano tu waliopanda farasi, naye akijihesabu mwenyewe katika watano hao. Mmoja wao alimwomba asubiri wenzao wafike, ili wapate shahidi kwanza ndipo waingie vitani. Suenaga alikataa, akaenda mbele. Farasi wake akapigwa mshale akaanguka, na yeye mwenyewe akajeruhiwa. Angalikufa pale pale lau Shiraishi Michiyasu asingalitokea nyuma yake na wapanda farasi wapatao mia moja. Wawili hao wakapatana kila mmoja awe shahidi wa mwenziwe. Baada ya muda mfupi adui wakapakia merikebuni wakaenda zao.

Miezi ikapita, wala hakuna fadhila iliyomfikia Suenaga. Alipata habari kwamba sifa yake ya kutangulia haikupelekwa Kamakura. Jamaa zake hawakutaka kumsaidia. Basi katikati ya mwaka 1275 aliuza farasi na matandiko yake apate masurufu, akashika njia pamoja na watumishi wawili kwenda mji mkuu wa askari, safari ya zaidi ya miezi miwili. Njiani alipita kwa mzee mmoja mwenye cheo aliyekuwa baba yake wa kumpa jina alipobaleghe. Mzee huyo alimkaribisha vizuri, akampa farasi na fedha kidogo. Mwana mpotevu alirudi kwa baba yake kuomba msamaha. Huyu alipita kwa babaye wa hiari akielekea kudai.

Safari hiyo ilikuwa ya ibada pia. Alisimama katika hekalu la Mishima na katika hekalu la Hakone, akatoa sadaka, akaomba baraka juu ya upinde wake. Alipofika Kamakura hakutafuta malazi kwanza. Alijitakasa kwa maji ya bahari katika pwani ya Yuigahama, akaenda moja kwa moja mbele ya Hachiman, mungu wa vita na mlinzi wa ukoo wa Minamoto. Watu wa wakati ule hawakuona ubaya wa kumwabudu Hachiman kama mungu wa nchi yao na papo hapo kumwita mtakatifu wa dini ya Buddha. Dini hizo mbili zilikaa nyumba moja.

Lakini maofisa wa Kamakura hawakumsikiliza. Mtu aliyekuja bila msafara alionekana si mtu. Alihangaika mpaka mwezi wa kumi kwa hesabu ya Kijapani, ndipo akafikishwa mbele ya Adachi Yasumori, bwana mkubwa aliyesimamia mambo ya fadhila. Yasumori alimhoji kama hakimu. Je, alileta vichwa vya adui? Hakuleta. Je, watu wake waliuawa? Hawakuuawa. Basi, kama ni majeraha tu, hayo yamekwisha kuandikwa. Ana dai gani tena? Suenaga alijibu kwamba hoja yake ni kutangulia mbele ya watu wote, na kwamba jambo hilo limeachwa nje ya taarifa. Akaomba jemadari wa Kyushu aandikiwe barua aulizwe kwa kiapo. Ikiwa maneno yake ni ya uongo, na akatwe kichwa.

Yasumori alishangazwa na ukaidi wa mtu huyu, lakini aliona kwamba ni mtu wa kutegemewa siku ya taabu. Baada ya wiki chache Suenaga alikabidhiwa hati ya kumfanya jito wa Kaito, katika jimbo lake la Higo, akapewa na farasi pamoja na tandiko lake. Aliyeondoka kwao bila farasi alirudi amepanda.

Na siku ya taabu haikukawia. Wajapani walikwisha kuwaua wajumbe wa Kublai mwaka 1275, na mwaka 1276 askari wa Kyushu walianza kujenga ukuta wa mawe kando ya Ghuba ya Hakata, urefu wa kilometa 20 hivi, kila mtu akijenga kwa kadiri ya ardhi aliyokuwa nayo. Mwaka 1281 majeshi mawili yalikuja, moja kutoka Korea na moja kutoka kusini mwa China. Kumbukumbu za zamani zasema watu 140,000 kwa jumla. Ukuta uliwazuia. Suenaga alitaka kuwapiga merikebuni, lakini mashua yake haikufika. Akajipenyeza kwa uongo katika mashua ya watu wengine, akawaacha watumishi wake pwani na kofia yake ya chuma pamoja nao, akajifunga kichwani mabamba ya kukingia miundi. Kisha, mwezi wa Agosti, tufani kubwa ilivunja merikebu nyingi za adui karibu na Takashima.

Watu wakaiita kamikaze, upepo wa miungu. Mahekalu na nyumba za watawa kila mahali zikaandika madai yao: sala zetu ndizo zilizoleta upepo, nasi tupewe fadhila kama askari. Kamakura haikuweza kuwakatalia, kwa kuwa hata watawala waliamini hivyo. Lakini Hojo Tokimune alifanya jambo moja la kukumbukwa. Mwaka 1282 alijenga nyumba ya watawa ya Engakuji, akamweka mtawa Mugaku Sogen aliyetoka China kuwa mkuu wake, ili roho za waliokufa ziombewe, za Wajapani na za adui zao pia.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Mwaka 1221, watu wa Kamakura walipolishinda jeshi la Mfalme mstaafu Go-Toba, walitwaa milki zipatazo 3,000 wakagawiana. Safari hii walioshindwa walitoka ng'ambo, wala hawakuacha hata shamba moja la kugawanywa. Askari walikuwa wamekopa ili wanunue silaha, na bado waliamriwa kulinda pwani mwaka baada ya mwaka, kwa hofu kwamba Kublai angerudi. Mashamba yao yalikuwa yamegawanywa vipande vipande kwa urithi, wengine wakaweka rehani hata walichobakiwa nacho. Yasumori, aliyemsikiliza Suenaga, aliuawa mwaka 1285 katika ugomvi wa wakubwa wa Kamakura wenyewe.

Mwaka 1297 serikali ilitoa amri kwamba mashamba ya watu wa Jemadari yaliyouzwa au kuwekwa rehani yarudishwe kwa wenyewe bila malipo. Amri hiyo ilikusudiwa kuwasaidia askari, lakini wakopeshaji wakafunga mikoba yao, na mwaka uliofuata sehemu ya amri ikafutwa. Manung'uniko hayakwisha. Hata mwaka 1333, Mfalme Go-Daigo alipoinua bendera dhidi ya Kamakura, watu waliotarajiwa kuulinda mji ndio waliougeuka. Ashikaga Takauji, mmoja wa wakubwa wa watu wa Jemadari, alivuka upande wa pili, na Nitta Yoshisada akauingia mji wa Kamakura. Hojo Takatoki na mamia ya watu wake wakajiua. Serikali ambayo Wamongoli hawakuweza kuivunja ilivunjwa na watu wake wenyewe, waliochoka kungoja.

Suenaga aliagiza habari zake zichorwe katika magombo mawili ya picha na maneno. Mwaka ulioandikwa humo ni 1293. Yumo juu ya farasi atokaye damu, yumo mbele ya Yasumori, na yumo mashuani na mabamba yake kichwani. Hakuuficha uongo wake wa mashuani wala umaskini wake. Magombo hayo yametunzwa hata leo katika mkusanyiko wa nyumba ya kifalme huko Tokyo, na mwaka 2021 yalitangazwa kuwa Hazina ya Taifa.

Waswahili husema, Mcheza kwao hutuzwa. Watu wa Kamakura walilijua neno hilo kwa namna yao, na kwa muda mrefu walilishika. Walipomtuza mmoja aliyekuja na watumishi wawili tu, walipata mlinzi aliyerudi vitani bila kofia. Walipoishiwa cha kuwatuza wote, ukuta wa mawe wa kilometa 20 haukuwafaa kitu.