Meza zikae kwenye maegesho, si njiani

Sina ugomvi na nyama choma. Nimeishi Sinza, Dar es Salaam, muda wa kutosha kujua kwamba jioni baa isiyo na viti nje haina wateja. Ndani feni inazungusha joto lilelile, na mtu aliyetoka kazini anataka upepo. Ugomvi wangu ni mahali viti vinapowekwa.

Mtaani kwetu kuna baa iliyoanza na meza mbili mlangoni. Leo meza zimefika kwenye mtaro, jiko la chipsi limekaa juu ya mfuniko wake, na palipobaki pameegeshwa magari ya wateja. Mama mkwe wangu anatumia kiti cha magurudumu. Nikimpeleka zahanati inanibidi nimsukume katikati ya barabara, bodaboda wakitupigia honi kana kwamba sisi ndio wavamizi. Nilimwomba meneja asogeze meza kidogo. Akanijibu kwa adabu zote: "Mama, hata wakubwa wanakula hapahapa."

Wenye baa hupenda kusema kwamba hata Ulaya na Marekani watu wanakula barabarani. Kweli. Mwaka 2020, korona ilipofunga kumbi za ndani, jiji la New York liliruhusu migahawa kuweka meza barabarani. Lakini meza hizo zilikwenda kwenye ukanda wa kuegesha magari. Aliyepunguziwa nafasi alikuwa mwenye gari. Vibanda vilipozidi, na watu wakalalamikia panya na takataka, sheria ya mwaka 2023 ikaweka utaratibu: kibali, ada, na meza za barabarani kuruhusiwa kuanzia Aprili hadi Novemba tu.

Sisi tumeiga meza, utaratibu tumeuacha. Gari linabaki na nafasi yake, meza inapata yake, anayefukuzwa ni mtembea kwa miguu. Na katika jiji hili wanaotembea ni wengi.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Oktoba 2021 machinga na mama lishe waliondolewa kandokando ya barabara za Dar es Salaam, tukaambiwa njia ni za waenda kwa miguu. Hoja ilikuwa nzuri. Sasa mbona sufuria ya wali maharage ilionekana kizuizi, na meza ya bia haionekani? Kama sheria inamjua mwenye sufuria, imjue na mwenye friji.

Ninachopendekeza si bomoabomoa. Kuanzia saa 12 jioni, manispaa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wakodishe nafasi za maegesho kwa anayetaka kuweka meza, wapime kwa mita na kuchora mstari wa rangi. Njia ya miguu ibaki wazi, viti viwili vya magurudumu viweze kupishana. Jiko lisikae juu ya mtaro. Mama lishe naye ajaze fomu ileile, alipie kieneo chake kidogo kwa kiwango kilekile cha mita, asihamishwe na mgambo tena.

Najua mwenye baa atalalamika kwamba wateja watakosa pa kuegesha. Apige hesabu mwenyewe: panapokaa gari moja panaenea meza mbili, watu wanane. Gari haliagizi mishkaki.