KISU CHA JANDO KINGOJE

Mavuno yakiisha kiangazi huingia, na vijana wa Ugogo hupelekwa jandoni. Hatuandiki kupinga jando. Ni mila ya wazee wetu na twaiheshimu. Twataka jambo moja tu: kabla ngariba au mganga wa zahanati hajashika kisu, mtoto atazamwe.

Wako watoto wa kiume wazaliwao na tundu la mkojo mahali pasipo pake. Kiasi cha mmoja katika kila 200 au 300, tundu liko upande wa chini wa dhakari. Kwa wachache sana liko upande wa juu, na kwa wengine wachache kibofu chenyewe huwa wazi tumboni. Hiyo si laana, wala mama hakukosea mizimu. Ni kiungo ambacho hakikufungika sawasawa mimba ilipokuwa changa.

Kasoro hizo hutengenezwa kwa upasuaji. Daktari huunda njia ya mkojo, na mara nyingi kitambaa chake ni ile ngozi ya govi. Aikataye na kuitupa amemnyang'anya fundi kitambaa kabla nguo haijashonwa. Hapo daktari hutafuta ngozi kwingine, hata ndani ya shavu, na kazi huwa ngumu maradufu. Umri unaofaa ni miezi 6 hadi 18, si kungoja miaka ya jando.

Tena mvulana anayekojoa kwa matone na kwa kujikamua asichekwe. Huenda utando umeziba njia, na mkojo unaorudi nyuma huua figo. Hospitali yetu ya Benjamin Mkapa ilifunguliwa mwaka 2015, na mwaka 2018 ilianza kupandikiza figo. Twajivunia. Lakini fahari hiyo itakuwa na maana gani ikiwa vijijini Mpwapwa na Kondoa figo za mtoto zitakufa kwa kukosa jicho la kumtazama?

Kwa hiyo twadai haya. Mkunga amkague mtoto siku ya kuzaliwa na kuandika katika kadi yake. Zahanati ijue pa kumpeleka. Nauli na gharama za upasuaji asiachiwe mkulima wa mtama peke yake. Nasi wazazi tuache kuwaficha watoto wetu. Adui maradhi, tuliyemtangazia vita tangu Uhuru mwaka 1961, amejificha ndani ya haya yetu. Tumtoe nje!