Ilani ya Saa ya Mama

Sisi ni watoto tuliozaliwa Fizi, Uvira na katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, tukakulia Louisville, Kentucky. Kiingereza cha kwanza kuingia nyumbani kwetu ni cha mama. Leo tunakitetea hadharani.

Wanakiita kibovu. Na sisi tulikisahihisha mezani, mbele ya wageni. Aibu hiyo tunaikiri kwanza. Mama akimwita baba "she", tulicheka. Kumbe Kiswahili hakimuulizi mtu kama ni mwanamume au mwanamke ndipo kimtaje: "amekuja", basi. Shuleni mwenzetu alijikwaa, tukamwambia "sorry" kama tulivyozoea kumsikia mama, mwalimu akataka kujua nani kamsukuma. Hakuna. Ilikuwa pole.

Mmoja wetu hasahau siku ya kliniki. Mama yake aliambiwa kwenye simu "eight". Akahesabu vizuri tu: nane. Akafika saa nane mchana, kitenge kimepigwa pasi, bahasha ya karatasi kwapani. Akaambiwa kachelewa saa sita, arudi mwezi ujao. Njia nzima kwenye basi aliishika ile bahasha, hakusema neno kwa lugha yoyote.

Kwa hiyo tunatangaza: hatutamsahihisha mama mbele za watu, wala hatutaiga lafudhi yake kuchekesha marafiki. (Hili litatuuma, wengine wetu marafiki tuliwapata kwa njia hiyo hiyo.) Hatusemi Kiingereza cha shule kitupwe. Ndicho tunachosomea bili ya umeme tangu tukiwa darasa la nne.

Lakini ukalimani wa hospitali, basi. Mtoto wa miaka 11 asiachiwe kutafuta neno la uvimbe kwenye kizazi cha mama yake. Tangu 2016 kanuni za afya za Marekani zinakataza hospitali zinazopokea fedha za serikali kuu kumtumia mtoto hivyo, isipokuwa kwa dharura. Machi 2025 rais alitia saini amri ya kukifanya Kiingereza lugha rasmi, na wapo wazazi wanaoona haya sasa kuomba mkalimani. Lakini Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inayobeba haki hiyo, haijafutwa. Tutakwenda nao dirishani, tuidai.

Kikao cha kwanza ni Jumamosi, saa nane, saa ya mama. Wenye saa ya ukutani waje 2:00. Chai ipo. Ajenda watasoma mama zetu, kwa Kiingereza chao.