Ramani ya mawe isifungiwe kabatini

Wasee, mimi niliacha chuo, lakini hii naielewa. Kileleni Everest kuna mawe ya chokaa yenye mabaki ya viumbe wa baharini. India iliigonga Asia miaka milioni 50 hivi iliyopita, sakafu ya bahari ikakunjwa kama mkeka, ikapanda juu. Na bado inasukuma. Aprili 25, 2015, ufa ulio chini ya Nepal uliteleza. Nyumba za mawe na udongo zikaangukia watu. Karibu 9,000 wakafa.

Wajiolojia huzunguka milima hiyo kwa miguu wakichora kila ufa, mkunjo na tabaka. Kazi ya jasho, heshima kwao. Lakini ramani ikibaki kwa maprofesa, inamwokoa nani? Fundi anayejenga kule kijijini ndiye wa kwanza kuihitaji. Mpeni, tena kwa lugha yake.