Barua ya mtaa isitolewe kwa mazoea

Mfanyabiashara wa Jangwani, Dar es Salaam, anayefunga fremu usiku huku amebeba mauzo ya siku nzima ana sababu ya kutaka bastola. Hatumlaumu. Tunachopinga ni kuinunua kwa mwenzake aliyechoka nayo: fedha zinahesabiwa nyuma ya kaunta, kisha bastola inahamia droo nyingine pamoja na kitabu cha leseni chenye jina la mmiliki wa zamani.

Kitabu hicho hakimlindi mnunuzi. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, leseni ni ya mtu na haihami na silaha. Muuzaji akikabidhi kabla mwenzake hajapata kibali, wote wawili wamevunja sheria. Na siku bastola ile ikikamatwa kwenye ujambazi, mlango wa kwanza kugongwa ni wa yule ambaye jina lake limo kwenye rejesta. Hata bastola ya marehemu ipelekwe kituo cha polisi, wala isisubiri ndugu wamalize kugawana mirathi.

Njia halali ni ndefu. Maombi huanzia kwa barua ya serikali ya mtaa, hupita kata, wilaya na mkoa, alama za vidole zikachukuliwa, hadi kwa Msajili wa Silaha. Wengi wanalalamikia urefu huo. Sisi wasiwasi wetu uko kwenye ngazi ya chini kabisa, kwa sababu za juu zote zinategemea kilichoandikwa pale. Mkoani hawajui kwamba mwombaji humpiga mkewe, au kwamba akinywa hutafuta ugomvi. Kama hajawahi kufikishwa polisi, alama za vidole hazitasema. Majirani wanajua.

Hapa Kariakoo na Jangwani kuna tabu ya ziada. Wengi wenye maduka hulala Tabata, Mbezi au Mbagala. Mwenyekiti wa mtaa lilipo duka anamfahamu mtu kwa biashara yake tu. Hajui anaishije na watu nyumbani. Basi maombi yaanzie anakolala. Kikao kiitishwe, mke au mume aulizwe faragha, majirani wasikilizwe, muhtasari uandikwe, ndipo mhuri ugongwe. Mwenyekiti anayegonga mhuri kwa kufahamiana anaweka rehani roho za watu.

Mwaka 2016 silaha za Dar es Salaam zilihakikiwa. Septemba na Oktoba 2023 Serikali ikatoa msamaha kwa watakaosalimisha silaha haramu kwa hiari. Ni hatua njema, lakini zinakuja baada ya silaha kuwa tayari mikononi mwa watu.

Anayetaka kuuza bastola yake aanzie polisi, na silaha ikae huko mpaka kibali cha mnunuzi kitoke. Polisi nao wamjulishe kila mwombaji, kwa maandishi, maombi yake yamefika wapi na kama yamekataliwa, kwa nini. Anayesubiri miezi bila jibu ndiye anayerubunika kirahisi nyuma ya kaunta.