Takafuli na Deni la Wanakiswahili kwa Mchuuzi

Wahenga walinena kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Wafanyabiashara wadogo wa Matasia, kando ya barabara itokayo Ngong kwenda Kiserian, wamewaona wenzao wakinyolewa. Mnamo Juni 2018 moto uliteketeza sehemu ya soko la Gikomba jijini Nairobi, ukaua watu 15 na kuacha mali ya wachuuzi ikiwa majivu. Hata hivyo, ukimtajia mwenye kibanda hapa kwetu neno bima, aghalabu atakujibu kuwa bima ni ya magari, tena kwa kuwaogopa polisi.

Je, kwa nini basi baadhi yao huikubali takafuli, yaani bima ya Kiislamu? Jibu jepesi ni dini: Uislamu unaharamisha riba, kamari na gharari. Jibu hilo ni sahihi, lakini ni nusu tu ya ukweli, kwani hata asiye Mwislamu anaruhusiwa kujiunga. Nusu ya pili imo katika neno lenyewe. Takafuli ni neno la Kiarabu lenye maana ya kudhaminiana. Kampuni ya kwanza ya aina hii ilianzishwa Sudan mwaka 1979. Hapa Kenya, Takaful Insurance of Africa ilianza shughuli zake mwaka 2011. Hata hivyo, mwanachama yeyote wa chama cha akina mama sokoni ataitambua dhana hiyo papo hapo.

Katika takafuli, wanachama huchanga fedha katika mfuko mmoja kwa nia ya kusaidiana. Kampuni si mwenye mfuko. Ni wakala anayeuendesha kwa ujira. Fedha haziwekezwi penye riba, pombe wala kamari. Ziada ikipatikana, wanachama wanaweza kugawiwa. Mfuko ukipungukiwa, kampuni huukopesha bila riba. Mwenye bucha anayechangia kila mwezi bila kupatwa na janga hahisi kwamba ameliwa. Anajua kwamba mchango wake umemwinua mwenzake. Hapo ndipo mvuto ulipo. Wamaasai wa Kajiado hawahitaji kufundishwa kwamba aliyepoteza mifugo huchangiwa na ukoo wake. Vivyo hivyo, mwaka 2014 wafugaji wa Wajir walipolipwa fidia ya ukame kupitia takafuli ya mifugo, hali ya malisho ilipimwa kwa picha za setilaiti, lakini msingi ulikuwa uleule: kufaana wakati wa dhiki.

Pamoja na hayo, kuna kasoro ambayo sisi wanakiswahili hatuna budi kuikabili. Jirani yangu mwenye duka la vifaa vya ujenzi alinionyesha mkataba wake wa takafuli. Kurasa zote zilikuwa za Kiingereza, naye alikuwa amekwisha kutia sahihi. Nilipomwuliza ni hasara zipi zisizolipwa, alicheka. "Mwalimu," akasema, "mimi nilielezwa kwa mdomo tu. Hayo ya kwenye karatasi utanisomea wewe."

Ndugu msomaji, tukumbuke maana ya gharari. Ni utata katika mkataba, hali ya mtu kuuziana na mwenzake jambo asilolijua vyema. Ikiwa takafuli inajinadi kwa kuepuka gharari, basi mkataba ulioandikwa kwa lugha asiyoielewa mchuuzi unairudisha gharari hiyohiyo kupitia mlango wa nyuma. Siku duka litakapoungua, maelezo ya mdomo hayatamfaa. Kitakachosomwa ni karatasi.

Kisingizio kwamba Kiswahili hakina msamiati hakina mashiko. Riba, dhamana, wakala, fidia, ziada na hasara ni maneno ya kila siku sokoni. Tena Katiba ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Kinachokosekana ni wataalamu walio tayari kuketi na mawakala wa bima na kuandika mkataba unaosomeka. Tumeandika tasnifu nyingi kuhusu taswira ya mnyonge katika riwaya, ilhali mnyonge mwenyewe anatia sahihi asichokijua hatua chache kutoka maktabani.

Takafuli hununuliwa kwa sababu inaaminika. Ili imani hiyo isije ikageuka majuto, na tuanze kwa kuufasiri mkataba mmoja. Naomba kutoa hoja.